Nimepewa dakika 5 za kumuelezea marehemu, nianzie wapi?

SWALI: Anti shikamoo. Tumefiwa na jirani yetu, baba mmoja mcheshi sana, kanisani jumapili hakosi, na familia yake wameniomba nisimame kwenye ibada ya mazishi niongee kwa niaba ya majirani. Nimeandika mara tatu nafuta. Kila nikisoma naona "alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu, mpole", yaani yaleyale yanayosemwa kwa kila marehemu, na yeye hakuwa hivyo tu jamani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Kwanza hayo ya kazaliwa lini, kaacha watoto wangapi, waachie wanaosoma wasifu, na mahubiri muachie mchungaji, wewe sema yale ambayo majirani ndo mnayajua.

Hebu fungua Matendo ya Mitume 9, pale Dorkasi alipofariki kule Yafa. Petro anafika anakuta wajane wamesimama wanalia, na hatusikii wakimwaga sifa, wanamuonyesha kanzu na nguo alizowashonea enzi za uhai wake. Basi. Mimi hapo huwa machozi yananitoka kila nikisoma.

Sasa na wewe tafuta kanzu zake. Alikuwa mcheshi, sawa, akikuona asubuhi alikuwa anakuitaje? Kanisani alikaa benchi lipi, kwenye kuimba alikuwa anashika bezi au anafuatisha tu? Ulivyoumwa alikuja akasema nini, au alikaa tu na wewe kimya? Waulize majirani wengine wawili watatu na watoto usiwaruke, mtu mcheshi watoto ndo wanamjua zaidi. Chagua visa 2 tu, na kimoja kikiwachekesha watu waache wacheke, kumchekea kwa upendo mtu aliyependa kucheka si kumvunjia heshima. Ila kisa chenye deni au ugomvi au siri ya nyumba ya mtu, muulize kwanza mke wake, akisita achana nacho.

Jina lake litaje mwanzoni kabisa, lile mlilozoea kumuita. Ukimaliza kuandika soma kwa sauti huku unapima na saa ya simu, ikifika dakika 4 inatosha maana siku yenyewe utasoma polepole. Kilio kikikubana nyamaza, vuta pumzi, watu watakusubiri, na nakala ya pili mpe mtu unayemuamini akae karibu yako, ukishindwa amalizie yeye.