Maswali yenu kuhusu Kwihara

Makala yangu ya kuwahimiza watu wa Tabora waende kuliona tembe la Kwihara, lile alilokaa Dk. Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, imeniletea maswali mengi. Nimechagua haya sita. Mengine yalifanana, nimeyaunganisha.

Nakuja Tabora kwa treni, nitalala usiku mmoja kisha naendelea Kigoma. Kwihara ni mbali? (Msafiri, Morogoro)

Si mbali. Ni kama kilomita sita kutoka mjini, upande wa kusini magharibi. Chukua bodaboda au bajaji, mwambie "tembe la Livingstone". Patana naye bei ya kwenda na kurudi na akusubiri, usije ukabaki barabarani unaomba lifti.

Usitegemee jumba la ghorofa. Ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, kuta nene na ua katikati, na jengo la sasa limejengwa upya kwa umbo la lile la zamani. Ndani kuna picha, ramani na nakala za barua. Mtu mwenye haraka atamaliza kwa dakika ishirini, atoke akisema hakuna kitu. Tenga asubuhi nzima, na umuulize mwongozaji maswali.

Nataka kuwapeleka wanafunzi 40 wa darasa la tano. Mwaka juzi niliwapeleka mahali pengine pa historia, wakaishia kucheza kombolela nje. Nifanyeje wasichoke? (Mwalimu, Nzega)

Mwalimu, watoto huchoka wanapolazimishwa kusoma vibandiko ukutani. Wape mzigo.

Sisemi kwa mfano, nasema mzigo kweli. Mpagazi wa msafara alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, begani au kichwani. Tafuta kiroba cha unga cha kilo 25, ambacho bado ni chepesi kuliko mzigo wake, kiweke uani, na wale wakubwa wajaribu kukiinua na kutembea nacho hatua chache, wewe ukiwa karibu. Halafu waambie kwamba Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, walipokuja kutoka pwani mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kufika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii. Mizigo ya safari ile ilikuja juu ya mabega ya watu na migongo ya punda. Niliwahi kufanya hivyo na watoto wa ukoo wetu. Mmoja alikitua kile kiroba, akajishika shingo, akauliza: "Na usiku walilala wapi?" Somo likaanza hapo, na hakuna aliyekumbuka kombolela.

Waambie pia kwamba Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira. Walipatana malipo, wakalipwa shuka za amerikani, kaniki na shanga, na wakigoma msafara ulisimama. Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele. Hii ilikuwa kazi yenye ufundi na heshima yake, na mtoto wa Nzega anapaswa kujua kwamba babu zake waliifanya. Lakini njia ileile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, wakapelekwa pwani kuuzwa. Usiwafiche. Wafundishe tofauti ya mpagazi na mtumwa, kwa sababu hata watu wazima huwachanganya.

Kwa nini mnatuhimiza tukamtukuze mzungu aliyekuja kuwafungulia njia wakoloni? Hatuna mashujaa wetu? (Msomaji, Urambo)

Swali lako lina uzito, na wewe unayeandika kutoka Urambo, mji wenye jina la Mirambo, una haki ya kuliuliza. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu wa Tabora kupigana na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na walishindwa. Hilo nalo ni la kusimuliwa Kwihara, tena kwa sauti.

Ila mimi siendi kule kwa ajili ya mzungu. Sikiliza, nitakwambia kwa urefu.

Livingstone na Stanley walifika Kwihara mwezi Februari 1872, wakitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, walikokutana. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki kungoja wapagazi ambao mwenzake angemtumia kutoka Zanzibar. Walipofika, aliondoka nao Agosti 25. Akafa mwanzoni mwa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Pale ndipo wenzake walipokata shauri. Walikuwepo Susi na Chuma, Jacob Wainwright, na wanawake pia, akiwemo Halima mpishi. Moyo wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na gamba la mti, wakaubeba. Mwezi Oktoba 1873 wakafika nao Kwihara. Aliyeondoka kwa miguu yake alirudi akiwa mzigo begani.

Kwihara walimkuta Cameron, Mwingereza mwenye msafara wake, akawashauri wauzike mwili hapohapo. Wakakataa. Watu wasio na cheo wala serikali nyuma yao walimkatalia ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, wakaendelea na safari.

Mbele, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wale jamaa wakatumia akili. Walitoa mwili ndani ya lile gamba, wakaufunga upya mfupi mfupi, ukawa kama robota la nguo. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa kitambaa kwa umbo la maiti, wakabana karatasi kwenye ncha ya fimbo iliyopasuliwa, kama walivyobeba barua matarishi wa zamani. Watu sita wakatumwa jioni na ule mzigo wa uongo, ati wanairudisha maiti Unyanyembe, yaani huku Tabora, ikazikwe. Wenyeji wakafurahi. Usiku ulipoingia, wale sita wakayatupa mabua porini, moja hapa, moja kule, wakarudi kwa wenzao. Asubuhi "robota la nguo" likaendelea na safari mpaka Bagamoyo, likafika Februari 1874. Mwezi Aprili Livingstone alizikwa ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London. Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Susi na Chuma, waliouongoza msafara tangu siku ya kwanza, hawakuwahi mazishi.

Umeuliza kama hatuna mashujaa wetu. Ndio hao. Nenda Kwihara, ukiona mwongozaji amewataja wale wazungu wawili tu, mwombe kwa adabu akusimulie ya Susi, Chuma na Halima. Tukiendelea kuuliza, watasimuliwa kila siku.

Nikiwa na nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, ni Ujiji au Kwihara? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Kama unataka picha nzuri, Ujiji. Kuna makumbusho, kuna miembe, kuna zile sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana kwa kuvua kofia. Ukishangaa mbona ziwa liko mbali na mahali walipokutana, ujue maji ya Tanganyika yaliteremka sana baada ya mto Lukuga kufunguka miaka ya 1870. Kwihara pana utulivu zaidi, na pana ile habari ya mwili. Mimi ningeanza Kwihara.

Ni kweli kila mwembe mkubwa ulipandwa na watumwa? Bibi ndivyo anavyosema. (Msomaji, Isevya)

Kila mwembe, hapana. Mwembe si mti wa asili ya kwetu. Ulitoka Asia, ukaingia bara kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara, na safu za miembe mikongwe ni alama mojawapo ya njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Ila aliyeupanda ule wa jirani yenu ni nani, hilo mwulize bibi akutajie jina na ukoo, uandike leo hii.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 70, miguu inamsumbua. Anatamani kwenda. Nimpeleke? (Binti yake, Ng'ambo)

Mpeleke, dada. Kwa bajaji, si bodaboda. Kama ni Oktoba mtoke asubuhi na mapema, kabla jua halijawaka. Ombeni kiti, akae kwanza kwenye kivuli apumzike, kisha ndipo mwingie chumba kimoja kimoja. Bebeni maji, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kama meno yake bado yanaruhusu. Usimharakishe akigusa ukuta. Huenda amekulia katika nyumba kama ile, atakueleza udongo wake ulivyokandwa na paa lilivyotengenezwa, na mwongozaji naye atasogea kusikiliza. Washa simu umrekodi.