Mwajiri aingie kabla ya darasa kuanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: waajiri wanaposhirikiana na vyuo vya mafunzo ya kazi, je, vijana wanaajiriwa kweli, au wanabaki na cheti na picha za mahafali? Nijibu moja kwa moja. Wanaajiriwa pale mwajiri anapoingia tangu siku ya kuchagua wanafunzi. Anapoletwa mwishoni, mambo yakiwa yameshakwisha, hawaajiriwi. Mimi ni fundi umeme wa viwandani, nasimamia karakana ya matengenezo katika kiwanda kimoja cha Vingunguti, Dar es Salaam, na vijana wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hupita mikononi mwangu kila mwaka.

Ushirikiano mwingi tulio nao ni wa barua. Chuo kinaomba nafasi za mafunzo kwa vitendo, ofisi ya rasilimali watu inagonga muhuri, Jumatatu asubuhi vijana wako getini na bahasha zao. Karakanani hakuna aliyeambiwa wanakuja kujifunza nini. Fundi wa zamu ana laini ya uzalishaji imesimama na meneja uzalishaji yuko kwenye simu anauliza inawaka saa ngapi. Huyo hana nafasi ya kumwonyesha mtu kontakta, ile swichi ya kuwashia mota. Kijana anatumwa spana, anatumwa chai, anashika tochi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo daftari la fildi lilisainiwa na mtu wa stoo, kurasa zote kwa mkupuo mmoja, siku ya mwisho, kwa kalamu ileile. Kila ukurasa uliandikwa "matengenezo ya mota". Mwenye daftari hakuwa amefungua hata kifuniko cha mota. Chuo kilimpa maksi, na cheti chake ni halali kabisa. Mwajiri atakayemsaili baadaye atalalamika kwamba vyuo havifundishi, na kijana atajiona mjinga kwa kosa lisilo lake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Vyuo vinafundisha. Kijana wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, aliyemaliza ngazi ya pili anafunga saketi ya sta-delta, ya kuwashia mota kubwa kwa hatua, kwenye ubao wa mazoezi, nadhifu, waya zimenyooka. Ambacho hajawahi kukutana nacho ni paneli ya miaka ishirini iliyojaa vumbi, waya zimebadilishwa na mafundi ambao walishaondoka, na mchoro uliobandikwa mlangoni haulingani tena na kilichomo ndani. Hajakutana na invata, kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, inayoandika namba ya hitilafu usiku wa manane. Na hajazoea kufuli. Kwetu, kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, unazima swichi kuu, unatundika kufuli lako lenye jina lako, na ufunguo unakaa mfukoni mwako, si kwa mwenzako. Halafu unapima tena kwa mita uhakikishe hakuna umeme. Ukitaka kijana afanye hivyo bila kukumbushwa, hata bosi akiwa anamharakisha, unahitaji miezi kando yake. Wiki nane za fildi hazitoshi, hasa kama nusu yake zimepita kwenye chai.

Mfano mzuri tunao hapahapa nchini. Mwaka 2009 VETA Moshi na kampuni za migodi, kupitia chemba yao ya madini na nishati, walianzisha mafunzo ya ufundi kwa ajili ya migodi yaliyojulikana kwa kifupi kama IMTT. Migodi ilikuwa inahangaika kupata mafundi wa mitambo mizito na umeme, na kuleta mtu kutoka nje ni gharama. Kwa hiyo kampuni zenyewe zilidhamini vijana, zikasema zinataka fundi wa namna gani, na kijana akawa anasoma Moshi kwa kipindi, kisha anakwenda mgodini kwa kipindi, halafu anarudi darasani. Mgodi ulikuwa umeweka fedha yake kwa kijana yule, na mwenye fedha yake hamwachi mwanafunzi akae kivulini.

Waajiri wenzangu wa viwandani wakiambiwa haya husema sisi si migodi, hatuna fedha hizo. Fedha mbona tayari inatoka? Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa SDL, kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara yote hadi asilimia 3.5. Kwa kiwango hicho cha 3.5, kiwanda chenye mishahara ya shilingi milioni 40 kwa mwezi kinatoa milioni 1.4 kila mwezi. Wengi huilipa wakaisahau, kama vile suala la ufundi limekwisha hapo. Mimi ningekuwa mkurugenzi ningeuliza: nimelipia ufundi, mafundi wangu wako wapi? Swali hilo lingenipeleka chuoni mwenyewe.

Na karatasi ya kuanzia ipo. Mwongozo wa kitaifa wa uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini chini ya fundi, ulitolewa mwaka 2017, na uanagenzi huenda na mkataba wa maandishi kati ya mwajiri na kijana. Ningependa mkataba huo umtaje kwa jina fundi atakayemfundisha, na fundi huyo apunguziwe kazi nyingine na kuongezewa kitu kwenye mshahara. Ukimwambia fundi mkongwe afundishe bure juu ya zamu yake, atafundisha siku mbili, ya tatu atamtuma chai. Kijana naye apewe nauli na chakula. Anayetoka Chanika na kubadilisha magari mpaka Vingunguti, asiyelipwa hata senti, akiacha katikati tusimwite mvivu.

Najua pia hofu ya kwamba ukimfundisha ataondoka. Wengine huondoka, na huwa inaudhi. Lakini wanakwenda wapi? Viwanda vya Barabara ya Nyerere vimepangana, fundi wangu anahamia geti la jirani na wa jirani anakuja kwangu. Tunanyang'anyana mafundi walewale wachache kwa sababu kila mmoja anangoja mwenzake afundishe.

Kwa hiyo naomba kiwanda kinachojua kitahitaji mafundi wawili mwakani kiandike sasa hivi kwa mkuu wa chuo cha jirani: nafasi ni mbili, fani ni hii, mshahara wa kuanzia ni huu, na mwalimu wao karakanani ni fulani. Chuo nacho kimtume mwalimu wa fani hiyo aje akae nasi kabla ya muhula kuanza, afungue paneli zetu, aone invata tulizo nazo na hitilafu zinazotusumbua. Mimi nitampokea getini mwenyewe, na kufuli lake la kutundika nitakuwa nimeshaliandaa.

Msomaji wenu,
fundi umeme wa viwandani, Vingunguti, Dar es Salaam