Anti wa Urembo: Madoa ya kanga kwenye kucha, bila kwenda saluni

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Makorora hapa Tanga, Ijumaa ijayo dada yangu anaolewa na natamani kucha zangu ziwe na urembo kidogo lakini bei niliyotajiwa saluni sikuiweza. Nimejaribu nyumbani mara mbili, rangi inatoa mapovu, afu hata ningoje vipi nikilala naamka ina alama za shuka. Maua ndo kabisa, mkono wa kushoto unatetemeka. Na bibi anasema nikipaka rangi sina udhu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongereni kwa harusi.

Nianze na bibi maana yuko sawa, rangi ya kucha inaweka ngozi juu ya ukucha na maji hayapiti, kwa hiyo kama siku hiyo unaswali paka hina vidoleni, yenyewe inatia rangi tu haijengi tabaka. Ila ujue hina haifutiki, ukucha wa mkono unaota kama milimita 3 kwa mwezi, basi utakaa nayo mpaka uikate yote. Na piko usiiguse, tafadhali sana, ile ni rangi nyeusi ya kupaka nywele na nimeona mikono ya mabibi harusi imeumuka malengelenge.

Kama uko kwenye siku zako na huswali, haya twende kwenye rangi. Hayo mapovu najua yametoka wapi, unatikisa chupa kama ya dawa ya kikohozi! Ukitikisa hewa inaingia ndani, we ilaze katikati ya viganja uisugue taratibu inatosha. Afu unapaka nene ili uwahi kumaliza, juu inakauka chini bado mbichi, ndo hizo alama za shuka. Paka nyembamba hata kama ukucha unaonekana kupitia, ngoja dakika kumi hivi, rudia. Feni izime, na usikae kibarazani juani, joto letu la Tanga unalijua, rangi inakauka juu kabla chini hakujatulia. Kuchovya vidole kwenye maji ya baridi kunakaza juu tu, usidanganyike ukaenda kukuna nazi.

Kabla ya yote futa kucha na asetoni hata kama hazina rangi, mafuta ya nazi uliyojipaka asubuhi ndo yanafanya rangi ibanduke kesho yake, na utangulize tabaka moja la ile isiyo na rangi ili kucha zisibaki njano.

Sasa urembo wenyewe. Maua achana nayo mwanangu. Kanga yenyewe inasemwa ilipata jina kwa yule ndege mwenye madoa meupe, na madoa ndo rahisi kuliko yote, hata mkono unaotetemeka unayaweza. Chukua kibanio cha nywele chembamba cheusi chenye kitone mwishoni, dondosha rangi nyeupe kidogo kwenye kifuniko cha chupa, chovya, gusa ukucha, inua. Usiburute. Chovya kila baada ya doa moja au mawili la sivyo yanakuwa madogo madogo. Ukitaka yawe kama kanga kweli, panga mstari wa madoa madogo kwa kijiti cha meno pembeni kuwa pindo, katikati weka doa moja kubwa ndo mji wake. Fanya kwenye kidole cha pete tu kila mkono, vingine viache rangi moja, vyote kumi vinachosha macho na jioni ya harusi dhahabu na hina vinatosha kusema. Ukifika mkono wa kulia, egemeza viwiko vyote mezani, kushoto kutulie na kibanio, uzungushe kidole cha kulia kukifuata.

Madoa yakikauka vizuri, robo saa, ndo upake ya kung'arisha juu, ukiwahi brashi inayavuta yote yanakuwa michirizi. Paka Alhamisi baada ya chakula cha mchana, sio usiku, na vyombo mwachie mdogo wako siku hiyo.