Mti mchanga unanyauka ingawa unamwagiliwa

Umeuliza kwa nini mti uliopandwa mbele ya nyumba yako unanyauka ilhali unaumwagilia kila jioni. Nadhani ni hayo maji kidogo kidogo: yanalowesha juu tu, mizizi ya chini inabaki na kiu. Afadhali mara 2 kwa wiki, lita 40 hivi, polepole mpaka udongo uyanywe yote. Kwanza chomeka kidole. Kikitoka na udongo wenye unyevu, subiri. Tandaza majani makavu sentimita 5 hadi 10, ila yasiguse shina, gome litaoza. Na kamba inayoufunga kwenye kigingi, tafadhali ilegeze leo. Nimeshaona kamba iliyosahaulika ikila gome pande zote, mti ukafa umesimama. Uhudumie hivyo miaka 2 au 3.