Trekta Ikizima Shambani, Anzia Kwenye Tanki

Kipindi cha kulima kabla ya masika, trekta yangu ya silinda tatu ilinitesa wiki nzima kule Kahe. Asubuhi inawaka vizuri, inavuta jembe kama dakika ishirini, halafu sauti inashuka, inakohoa mara mbili, inazima. Nikipumzika nusu saa chini ya mti, inawaka tena kana kwamba haina tatizo. Fundi niliyemwita kutoka Moshi mjini alisikiliza akasema pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini, imekufa. Ikafunguliwa, ikapelekwa kupimwa, nikalipa, ikarudishwa. Tukaingia shambani: dakika ishirini, kimya.

Aliyenitoa ni mzee jirani yangu, dereva wa matrekta wa miaka mingi. Aliniuliza, "Mwanangu, tanki umelichungulia?" Sikuwa nimelichungulia. Tukachomoa mpira wa mafuta chini ya koki, tukakinga dumu. Dizeli ikatoka kwa nguvu, nene kama kidole, kisha ikaanza kukonda, ikawa uzi, ikawa matone. Na tanki lilikuwa zaidi ya nusu! Tulipoyamwaga mafuta yote tukakuta kipande cha lakiri ya mdomo wa dumu, ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Injini ikivuta mafuta, kile kipande kinafuata na kuziba tundu. Ikizima, kinaachia na kuelea. Pesa ya pampu ilikuwa imeshakwenda.

Kwa hiyo nakusihi, fuata njia ya mafuta tangu yanakoanzia, na pampu ya nozeli iwe ya mwisho kuguswa. Kabla ya spana yoyote, legeza kifuniko cha tanki. Kama trekta inakaa sawa ikiwa na kifuniko kilicholegea, tundu la kupumulia la kifuniko limezibwa na vumbi. Lisafishe kwa waya mwembamba. Vumbi la huku tambarare linaziba kila kitu.

Kisha angalia bakuli chini ya filta. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini na utauona mstari kati yao. Miezi ya Juni na Julai usiku ni baridi, na tanki lililoachwa karibu tupu hutoa jasho kwa ndani. Mimi hujaza jioni, nikimaliza kazi. Filta ya karatasi usiioshe wala kuipuliza kwa upepo wa kompresa. Karatasi ikitoboka, uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Nunua mpya.

Ukishafungua chochote, upepo umeingia, na dizeli haisukumi vizuri penye upepo. Injini nyingi za zamani hazijitoi upepo zenyewe. Legeza skrubu ya juu ya filta, sukuma kwa mkono ile pampu ndogo ya kuvutia mafuta mpaka povu liishe na mafuta yatoke safi, kaza. Rudia kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, mwenzako apige stata kwa vipindi vifupi, ukiona mafuta yanatoka, kaza. Hapo usiweke mkono. Dizeli ya nozeli ina presha ya kutoboa ngozi, na kidonda chake huonekana kidogo huku ndani nyama inaharibika. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakuumi.

Upepo ukirudi kila siku, tafuta mpira uliopasuka au washa (ile pete bapa) ya shaba iliyochoka kati ya tanki na pampu ndogo. Upande huo unavuta, kwa hiyo unaweza kuingiza upepo bila kudondosha hata tone. Mimi niliwahi kufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwa muda, nikaona mapovu yakipita kama shanga.

Kitu kingine: tazama bomba la moshi unapopiga stata. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika ila hayaungui, tafuta kwingine. Usipotoka kabisa, mafuta hayajafika, au waya wa kuzimia, ule unaovuta kuzima injini, umenasa. Huo waya uangalie mapema, ni kazi ya dakika moja.

Siku hizi dumu jipya nikilifungua, lakiri naikata yote kwa kisu na kuitia mfukoni, ndipo nimimine, tena kupitia chujio.