Silabi 17 za mjukuu wangu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mbona haiku, vile vishairi vya Kijapani vya mistari mitatu, unazoandika usiku ukimnyonyesha mtoto zinatoka kama kadi ya pongezi, na kama kweli mambo madogo ya ulezi yanafaa kuwa shairi. Nimeirudia mara nyingi hii uliyonitumia:

Upendo wangu
hauna mwisho kwako,
ua la moyo.

Hesabu ya silabi umeipatia: tano, saba, tano. Najua pia kwamba kila neno limetoka moyoni. Ila mtoto mwenyewe simwoni humo. Asubuhi ile ile uliniambia kwa simu kwamba alisinzia amekung'ang'ania kidole, ukashindwa kuinuka kuzima taa mpaka kukakucha. Haiku yako ilikuwa hapo, mwanangu, nawe ukaipita ukaenda kutafuta maneno makubwa. Mimi ningeandika:

Amesinzia;
kidole kimeshikwa.
Taa yawaka.

Upendo sikuutaja. Msomaji atajiuliza taa imeachwaje mpaka sasa, na akishapata jibu atakuwa ameuona kwa macho yake. Kile kituo kabla ya taa usikidharau. Wajapani wana maneno maalumu ya kuikata haiku. Sisi nukta inatutosha.

Hilo la mambo madogo si swali geni. Mwaka 1916 huko Japani, mshairi Takahama Kyoshi alitenga nafasi katika jarida la Hototogisu kwa haiku za wanawake kuhusu jikoni na nyumbani. Wapo waliozibeza kwa kuziita haiku za jikoni. Lakini humo ndimo alimotokea Nakamura Teijo, aliyeandika juu ya mtoto mwenye kikohozi asiyechoka kutegeana vitendawili. Nikikumbuka ulivyokuwa ukiumwa, ukitaka nikutegee kingine na kingine, naona alikuwa chumbani mwetu.

Nawe una lugha inayokubeba. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kama za Kijapani, na mizani, yaani silabi za shairi, tumezihesabu tangu zamani. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16. Haiku nzima inauzidi kwa moja tu! Kumbuka kwamba "mtoto" ni tatu, kwa kuwa ile m inasimama peke yake. Halafu litazame neno "nakunyonyesha": mizani tano, mstari mzima, na ndani yake mna mimi, wewe na tendo.

Haiku ya jadi huwa na neno la majira. Usihangaike kutafuta mvua na maua. Nyumba yenye mtoto mchanga ina majira yake: kuota meno, kutambaa, homa ya usiku, nguo zilizokuwa kubwa jana. Andika tarehe pembeni, kwa sababu utasahau. Mimi niliapa sitasahau neno lako la kwanza, na leo silikumbuki. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Nilianza kuandika nikiwa nimechelewa, wiki uliyoondoka nyumbani. Hii sijawahi kukuonyesha:

Nimefagia
uvungu wa kitanda:
kifungo chako.

Ni cha lile gauni la manjano. Bado ninacho, kwenye kopo la sindano.

Niandikie usiku wa leo ulivyokuwa.

Mama yako