Jibu: Msumeno wa betri unavuja oili stoo

Ndugu wa Molo, umeuliza kwa nini msumeno wako wa mnyororo huacha doa la oili kwenye rafu, na kama betri yake inaweza kukaa stoo hadi msimu ujao wa kupogoa miti.

Kabla ya yote, chomoa betri. Kuzima swichi hakutoshi. Vaa glavu pia, maana meno ya mnyororo hukata hata ukiuzungusha kwa mkono.

Doa lenyewe lisikusumbue. Oili hujipenyeza polepole msumeno ukilala. Mwaga tangi kwanza. Kisha fungua kifuniko cha pembeni: utakuta unga wa mbao ulioshikana na oili na utomvu wa saipresi, mweusi kama lami, umeziba kitundu cha oili. Ukwangue kwa kijiti, upanguse kwa kitambaa kikavu. Maji usimwage kamwe.

Betri ndiyo inayonitia wasiwasi. Hata huko kwenu kwenye baridi, stoo ya mabati hupata moto adhuhuri. Huku Kisumu ndiyo balaa. Joto huzeesha betri za lithiamu haraka. Iweke ndani ya nyumba, pakavu, watoto wasipofika, ikiwa na chaji nusu hivi, nje ya chaja. Ikivimba, tafadhali usiichaji tena.